Tulipewa Jina Kabla ya Kazi: Ilani ya Ndugu

Sisi ni wanaume Wakristo wa Tanzania: Walutheri, Wakatoliki, Wamoraviani, Waanglikana, Wapentekoste. Miongoni mwetu wamo walimu, madereva wa daladala, wavuvi wa Ziwa Viktoria, wahasibu, mafundi seremala, wainjilisti, wastaafu, na wanaume ambao kwa sasa hawana kazi yoyote. Tumekubaliana jambo moja, na kwa ajili ya hilo tunaanzisha umoja huu: mwanaume aliye ndani ya Kristo ni mwana kabla hajawa mtenda kazi. Kushindwa hakuwezi kumvua uwana huo, wala mafanikio hayawezi kumwongezea.

Maneno haya si mapya. Kila mmoja wetu aliyasikia darasani, akijiandaa kwa ubatizo au kipaimara, akayakariri na akafaulu. Lakini kuyakariri hakujatutoa katika utumwa wa macho ya watu. Tunaamka tukijiuliza nani anatuonaje, tunalala tukihesabu nani ametupita, na katikati tunasali. Umoja huu unaanzishwa ili tulichokikariri tukiishi, na tukiishi pamoja, kwa maana tumejua kwamba mwanaume hawezi kukiishi akiwa peke yake.

Tunaanzia Yordani. Luka anaandika kwamba Yesu alikuwa na umri wa kama miaka 30 alipoanza kazi yake. Siku ile anaingia majini mbele ya Yohana, hakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Hakuwa amemfumbua kipofu macho, wala kulisha umati, wala kumfufua mtu. Alikuwa fundi kutoka Nazareti, mahali ambapo Nathanaeli alishangaa kama paweza kutoka kitu chema. Mbingu zikafunguka, na Baba akatamka kwamba huyu ni Mwanawe, anampenda na amependezwa naye. Hakuna kazi iliyotajwa kuwa sababu.

Mara baada ya hapo tunamkuta jangwani. Katika majaribu matatu, mawili yanaanza kwa sharti lile lile: kama kweli wewe ni Mwana wa Mungu, basi fanya jambo tuone. Geuza jiwe liwe mkate. Jitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Shetani hakumwambia aibe, wala azini, wala aue. Alimtaka athibitishe. Yesu alikuwa na njaa ya siku 40, na bado hakuona haja ya kuthibitisha lolote, kwa kuwa aliyemwita Mwana alikuwa amekwisha kusema.

Tunaamini jaribu hilo ndilo linalowamaliza wanaume wengi wa kanisa kuliko ulevi na uzinzi, na mara nyingi ndilo linalowapeleka kwenye ulevi na uzinzi. Haliogopwi kwa sababu linakuja limevaa heshima.

Linakuja kwenye kikao cha harusi. Mwenyekiti wa kamati anasoma majina, na kila mmoja anatamka ahadi yake mbele ya wenzake. Mwalimu wa shule ya msingi anataja kiasi asichokuwa nacho kwa sababu shemeji yake ametangulia kutaja. Linakuja baada ya ibada, kwenye mnada, pale mkungu wa ndizi ulioletwa na mjane unapogombewa na waheshimiwa wawili huku washarika wakishangilia. Mnada tunaupenda. Umeezeka makanisa mengi na umenunua vinanda vingi. Ila yupo pia baba anayerudi nyumbani amebeba jogoo wa thamani ya ada ya mtoto wake, na mkewe anampokea kimya kwa sababu ameshajua.

Linakuja Desemba. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi inajaa magari, watu wanarudi kula Krismasi nyumbani, na ni desturi nzuri kupita kiasi. Lakini wapo wanaobaki mjini, si kwa kukosa nauli ya basi, bali kwa kukosa gari la kufikia nalo. Mama anangoja, kaburi la baba linaota majani, na kijana amekaa chumbani kwake Mbagala akitunga sababu. Wapo wengine wanaokodi gari kwa siku kumi ili waonekane nalo, kisha Januari wanaingia kwenye ile mikopo ambayo mtaani watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mkopo huo mke haambiwi. Mara nyingi anaujua siku wanapokuja kubeba friji.

Na linakuja madhabahuni kwenyewe, jambo linalotuuma kuliko yote. Tumezoea kuita ushuhuda habari za aliyepata: gari, nyumba, cheo, viza. Aliyeomba kwa miaka na bado anangoja hapewi kipaza sauti. Anajifunza kukaa viti vya nyuma, na siku moja anajifunza kutokuja. Yakobo alikwisha kuandika katika waraka wake juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri na maskini anayeambiwa asimame kule. Waraka huo tunao katika Biblia zote tunazobeba kwapani, tukipita mbele ya viti vya wageni waheshimiwa.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 duniani hujiua kila mwaka, na kwamba mwaka 2019 waliojiua walikuwa 12.6 katika kila wanaume 100,000, na 5.4 katika kila wanawake 100,000. Hatudai kwamba kila kifo cha namna hiyo kimetokana na kutafuta sifa. Sononi ni ugonjwa, una matabibu wake, na mwanaume anayewaza kufa anapaswa kupelekwa hospitali, tena na ndugu anayemshika mkono hadi mlangoni. Tunachosema ni kwamba mwanaume aliyefundishwa tangu utotoni kujikaza huchelewa mno kusema kwamba anazama. Anaogopa kuonekana hajiwezi kuliko anavyoogopa kuzama.

Tulipotafuta katika Maandiko mahali pa kujitazama, tulisimama kwenye kitabu cha kwanza cha Samweli, katika nyumba moja iliyokaliwa na mfalme na mwanawe: Sauli na Yonathani.

Sauli hakuanza vibaya. Alikuwa mrefu kuliko watu wote kuanzia mabega kwenda juu, na bado siku ya kutangazwa kuwa mfalme walimkuta amejificha kwenye mizigo. Mafuta yalikuwa yamekwisha kumwagwa kichwani pake. Jina alikuwa nalo, na alipewa bure, kwani alikuwa ametoka tu kutafuta punda wa baba yake. Lakini mfuatilie. Baada ya vita na Waamaleki anakwenda Karmeli kujisimamishia nguzo ya ukumbusho. Samweli anapomkabili, Sauli anakiri sababu ya kuasi kwake: aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Hilo lilikuwa ungamo la kweli, na lingeweza kumponya. Ila sentensi chache baadaye anamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Ufalme umetamkwa kwamba umemtoka, na yeye anachoomba ni wazee wasijue.

Wanaume tuliosoma habari hiyo pamoja tulikaa nayo muda mrefu. Sauli hakumkana Mungu. Alitaka kumwabudu Mungu na wakati huo huo asiharibikiwe mbele ya wazee. Ni sala ambayo husaliwa katika Kiswahili pia.

Kisha wanakuja wanawake na matari, wakiimba juu ya maelfu ya Sauli na makumi elfu ya Daudi. Wimbo ule haukumtukana mfalme. Ulimsifu. Kosa lake lilikuwa kumsifu mwingine zaidi, na tangu siku ile, mwandishi anasema, Sauli akamwonea Daudi wivu. Mkuki aliupata mkononi kwa sababu ya hesabu ya nyimbo. Mwishoni, pale Gilboa, amejeruhiwa na mishale, anamsihi mchukua silaha zake amuue ili Wafilisti wasije wakamdhihaki. Hata kifo chake kilipangwa kwa kuwaza watakachofanya wengine.

Sasa rudi nyuma kwenye sura ya 18, mistari michache tu kabla ya wimbo wa wanawake. Yonathani, mrithi wa kiti, anavua joho lake na kumpa Daudi, pamoja na mavazi yake, upanga, upinde na mshipi. Hakuna aliyemlazimisha. Kama mtu alikuwa na sababu ya kumwona Daudi kuwa tishio, ni yeye. Sauli alikuwa anakaribia kuzeeka. Kilichokuwa kinahama ni kesho ya Yonathani. Na Yonathani hakuwa mnyonge aliyekosa cha kujivunia, maana sura ya 14 inamwonyesha akipanda mwamba kwa mikono na miguu, yeye na kijana wake tu, kuivamia ngome ya Wafilisti. Alikuwa shujaa aliyejua anachokivua.

Baadaye, Daudi akiwa mafichoni msituni, Yonathani alimwendea na kumtia nguvu katika Mungu. Akamwambia kwamba Daudi atakuwa mfalme, na yeye atakuwa wa pili wake. Hata hiyo nafasi ya pili hakuipata. Alikufa Gilboa siku moja na baba yake, vitani, upande wa baba aliyekosea, bila taji. Kwa vipimo vya kikao cha ukoo, Yonathani alishindwa. Lakini miaka mingi baadaye mtoto wake aliyelemaa miguu, Mefiboshethi, alikuwa akila mezani pa mfalme kila siku kwa ajili ya jina la Yonathani, ilhali nguzo ya Sauli kule Karmeli hakuna anayeitaja tena.

Damu moja, kasri moja, maadui wale wale. Tunachokitafuta katika umoja huu ni kile kilichomwezesha yule kijana kuvua joho. Tunaamini kilikuwa usalama. Mtu anayejua ameshikwa na Mungu anaweza kufungua mkono.

Hatuanzi njia ambayo haijawahi kupitwa katika nchi hizi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akitafuta kwa kiu ileile. Kutokana na urafiki huo na wa wenzao, Uamsho wa Afrika Mashariki ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na kwetu ulishika mizizi mapema upande wa Bukoba. Kumbuka ulikuwa wakati wa ukoloni. Mzungu na Mwafrika waliungamiana dhambi mbele ya mkutano na kuitana ndugu, wakati ambapo nje ya mlango mmoja alikuwa bwana na mwingine mtumishi. Walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, na maana yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kumwambia ndugu yako ukweli wa moyo wako kabla haujaoza. Watu waliopita katika Uamsho ndio baadaye waliopata nguvu za kusimama. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu alipouawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Mtu anayeishi kwa kukubaliwa asingeweza kumkosoa mtawala wa namna ile.

Tumejifunza pia kutokana na yaliyouharibu Uamsho huo. Mahali pengine kuungama kulikuja kuwa kipimo kipya, na wasioungama kwa namna iliyotakiwa wakaonekana hawajaokoka sawasawa. Moyo wa mwanadamu unaweza kushindana hata kwa unyenyekevu. Kwa sababu hiyo baadhi ya maamuzi yetu yanayofuata yataonekana ya ajabu kwa chama kinachoanza.

Hatutajipa jina. Hatutakuwa na fulana, bendera, wimbo wala sare ya kitenge. Hatutakuwa na mwenyekiti wa taifa. Tunajijua: siku tutakayokuwa na cheo cha kugombea, tutakigombea. Atakayeuliza sisi ni akina nani aambiwe ni ndugu wanaokutana.

Tutakutana wachache, wanaotosha sebule moja, mara moja kwa wiki. Kila mmoja atasema hali yake ilivyo, kuhusu fedha, nyumba, mwili na sala, na wengine watasikiliza bila kumrekebisha kwanza. Hatutaanza kwa mafanikio. Aliyepandishwa cheo atashangiliwa, naye aliyepunguzwa kazini atasikilizwa kwa muda ule ule. Yatakayosemwa hayatatoka nje ya chumba, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini, au mtoto au mwanamke anaumizwa. Hapo hakuna siri ya ndugu. Tutakwenda polisi, ustawi wa jamii au hospitali, na ndugu husika ataambiwa usoni kwamba tunakwenda.

Tutatoa tulicho nacho, na tutawaomba makatibu wa kamati na wahasibu wa sharika wasisome majina yetu. Bwana alifundisha juu ya sadaka, sala na kufunga kwa mkazo uleule: fanya mahali asipokuona mtu, Baba aonaye sirini anatosha. Tunajua hili litawasumbua watu wa michango, maana ahadi za hadharani huleta fedha haraka. Tutasumbuana kwa upendo. Na pale tusipokuwa na kitu tutasema hatuna, kwa sauti ya kawaida, bila hadithi ndefu.

Wake zetu watajua mishahara yetu na madeni yetu. Tumejadiliana sana juu ya hili, na baadhi ya ndugu waliona tunapita kiasi. Tumelibakiza. Mwanaume anayeficha deni kwa mkewe hailindi familia, anailinda picha yake. Nyumba nyingi zimebomoka kwa kulinda picha, na vipigo vingi vimeanzia kwenye swali la mke ambalo mume hakutaka kulijibu.

Tutafanya kazi. Hapa tunataka kueleweka vizuri, maana tumeshasikia wanaosema kwamba tunawafundisha wanaume uvivu kwa kuupaka mafuta ya neema. Paulo, aliyehesabu ukoo wake wa Benyamini na sifa zake zote za Kifarisayo kuwa takataka, ndiye huyo huyo aliyeshona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, akawaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Tofauti ni kwamba hema lilikuwa hema tu. Halikubeba mzigo wa kumtetea Paulo mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Fundi seremala aliyekwisha kukubaliwa na Baba anaweza kuunganisha vizuri hata ubao wa nyuma ya kabati, ambao mteja hatauona, kwa sababu anautazama ubao badala ya kumtazama mteja. Anaweza pia kufunga karakana Jumamosi jioni akalala. Aliyejifunga kwenye sifa halali, na kazi yake huwa nzuri upande wa mbele tu.

Tutakubali kuwa wa pili. Barnaba ndiye aliyekwenda Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, na kumleta Antiokia, wakati ambapo wengi hawakuwa wakimtaja. Mwanzo wa safari yao Luka anaandika Barnaba na Sauli, na kabla sura ya 13 haijaisha mpangilio umegeuka, ni Paulo na Barnaba. Hatusomi popote kwamba Barnaba alilalamikia mpangilio huo. Katika chaguzi za wazee wa kanisa, kamati na kwaya tutapiga kura na kupokea matokeo, kisha tutafanya kazi chini ya aliyetushinda.

Juu ya watoto wetu wa kiume tuna neno refu kidogo. Mwanaume anayehangaikia kukubaliwa mara nyingi ni mtoto ambaye hakuwahi kusikia kwa baba yake neno jema lisilo na masharti. Isaka alimbariki Yakobo akiwa amevaa nguo za kaka yake na ngozi za mbuzi mikononi, na Yakobo aliondoka na baraka iliyotolewa kwa jina lisilo lake. Ilimchukua miaka mingi, na mapambano ya usiku mzima kule Penieli, kulitaja jina lake mwenyewe na kubarikiwa akiwa nalo. Tuna watoto wengi wanaobarikiwa katika nguo za wengine. Siku matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, kuna nyumba ambamo aliyepata daraja la kwanza anaitwa mwanangu na aliyepata sifuri anaitwa mwanao. Kwa hiyo tunaahidi hivi: kila baba kati yetu atamwekea mtoto wake mikono kichwani na kumbariki kabla ya mtihani, akimwambia kwa maneno yake mwenyewe kwamba ni mwanawe na kwamba amependezwa naye. Matokeo yakitoka, yawe yoyote, atarudia maneno yale yale. Baadaye, siku nyingine, watakaa kuzungumzia kurudia mtihani, au kwenda VETA, au kujifunza kazi kwa fundi. Wasio na watoto wa kuzaa watawafanyia hivyo wapwa zao na vijana wa mtaani wasio na baba.

Kwa wale kati yetu waliokosa neno hilo kwa baba zao, nao ni wengi, hatutawaambia wasahau. Wapo ambao baba bado yu hai, na ndugu atawasindikiza kwenda kuzungumza naye wakitaka. Wapo ambao baba amekwisha kuzikwa. Kwa hao tunaamini sauti ya Yordani inawahusu moja kwa moja, kwa kuwa waliobatizwa katika Kristo wamevikwa yeye. Wengi wetu tulibatizwa wachanga, tukilia, hatuna tulichofanya wala tulichoweza kufanya. Waliobatizwa wakubwa walizamishwa mtoni wakiwa na kila walichowahi kukosea. Wote walipewa jina wakiwa mikono mitupu.

Kuna jambo tunalolikataa waziwazi. Zipo sauti nyingi siku hizi zinazowakusanya wanaume kwa kuwaambia kwamba wamenyang'anywa nafasi, kwamba binti aliyesomeshwa na mke mwenye kipato ndio walioleta hasara, na kwamba dawa ni mwanaume kurudi kwenye kiti chake. Hatutaki kiti. Mwanaume ambaye heshima yake inapungua mkewe akipata mshahara mkubwa kuliko wake amejenga heshima hiyo mahali pabaya, na kumpunguza mke hakutamwongeza yeye. Sauli naye alidhani tatizo ni Daudi.

Kwa wachungaji na mapadre wetu: hatuko nje ya kanisa, na hatukutani saa ya ibada. Tunajua ninyi nanyi mnapimwa, kwa idadi ya waumini, kwa jengo, kwa makusanyo yanayopelekwa jimboni au makao makuu, kwa wingi wa watazamaji wa mahubiri. Hakuna mwanaume aliye mpweke kuliko yule ambaye kila mtu anamwita mtumishi. Mnakaribishwa sebuleni, na hapo hatutawaomba mfungue kwa sala wala mfunge kwa baraka. Mtakaa kwenye kiti kama wengine na mtasema hali zenu. Tunawaomba pia mtupe nafasi moja katika ibada: mara kwa mara, mwiteni kutoa ushuhuda mtu ambaye bado hajapata alichoomba na bado anaamini. Msimtafutie mwisho mzuri. Aseme alipofika, akae.

Kwa familia zetu, tuna ombi dogo kuhusu mazishi. Wasifu wa marehemu husomwa kwa mpangilio wa shule, kazi, vyeo na safari za nje, na aliyekosa hivyo wasifu wake huisha kwa dakika mbili, huku msomaji akiona haya kwa niaba yake. Sisi tutakapokufa, wasifu wetu uanze na siku ya ubatizo. Mengine yafuate kama yapo.

Anayetaka kujiunga hahitaji kututafuta, kuandika jina popote wala kulipa kiingilio. Tafuta wanaume wawili au watatu unaoweza kukaa nao bila kujipanga. Si lazima wawe wa dhehebu lako. Kubalianeni siku na nyumba, na anayepokea wageni asihangaike na soda, chai ya rangi inatosha. Usiku wa kwanza someni Luka sura ya 3 na ya 4 kwa pamoja, ukoo ule mrefu wa majina ukiwemo, msiuruke, maana unaishia kwa Adamu, naye anaitwa wa Mungu. Kisha semeni hali zenu. Mwenye umri mkubwa aanze, kwa sababu kijana hatasema ukweli wake mbele ya mzee ambaye bado ameufunika wa kwake.